Kasisi wa Foleni

Mji wa Mlolongo haukupewa jina na chifu wala na Mzungu. Ulipewa jina na malori. Palikuwa na mizani ya magari ya mizigo kwenye barabara ya Mombasa, nje kidogo ya Nairobi, na malori yalipanga foleni yakingoja zamu ya kupimwa. Foleni ikarefuka. Mama wa chai akaja, mwenye gesti akaja, fundi wa matairi akaja, na mwishowe mlolongo ukawa mji kamili wenye shule na makanisa.

Jina hilo lina ukweli ambao wengi wetu hatuuoni tukiwa ndani ya matatu tunalaani trela lililo mbele yetu. Tunadhani maisha ya dereva wa masafa marefu ni kwenda. Muulize mwenyewe, atakuambia ni kungoja. Anangoja kupakia bandarini. Anangoja mizani ya Mariakani. Anangoja makaratasi Malaba au Busia. Akifika Kampala au Kigali anangoja kushusha, kisha anangoja mzigo wa kurudi. Kutoka Mombasa hadi Kigali ni zaidi ya kilomita 1,600, na kuna miaka ambapo siku za kusimama zilizidi siku za kuendesha.

Ndani ya kungoja huko kuna watu walioona parokia. Ni mapadri, wachungaji na waumini wa kawaida ambao kanisa lao halina kwaya wala daftari la washirika, kwa sababu mshirika wa jioni hii kesho asubuhi yuko nchi nyingine. Vyeo vyao viko vingi kwenye barua rasmi. Madereva huwaita "pasta" tu, basi.

Ukitaka kujua wazo hili lilianzia wapi, nenda kwanza baharini. Mwaka 1835, kasisi wa Kianglikana aitwaye John Ashley alikuwa pwani ya magharibi mwa Uingereza, kwenye Mfereji wa Bristol. Simulizi inayorudiwa ni kwamba mtoto wake aliona visiwa kwa mbali akauliza: watu wa kule huenda kanisani vipi? Ashley akavuka kwenda kuwaona. Lakini alipokuwa huko aliona jambo kubwa kuliko visiwa: meli nyingi zimetia nanga, zinangoja upepo. Zilikuwa zimejaa mabaharia, na hakuna mtu aliyekuwa akiwahudumia. Alijitosa katika kazi hiyo, akitumia mashua kuifuata meli moja baada ya nyingine. Mwaka 1856 huduma za namna hiyo zikaundwa kuwa chama kimoja cha Kianglikana, ambacho mpaka leo kina nyumba ya mabaharia Mombasa yenye alama ya malaika anayeruka.

Meli zinangoja upepo, malori yanangoja muhuri. Ni foleni ile ile.

Huku kwetu, misheni zilianza kwa mkono mwingine. Krapf na Rebmann walipoanzisha kituo Rabai mwaka 1846, walikuwa karibu kabisa na njia ya misafara iliyopanda bara. Wapagazi walipita na pembe, nguo na shanga mabegani. Wamishonari waliofuata nao walisafiri kwa migongo ya wapagazi hao hao. Lakini kituo cha misheni kilijengwa kwa mtu anayekaa: awe na shamba, awe na nyumba, mtoto wake aende shule, jina lake liandikwe kitabuni. Mpagazi alikuwa mtu wa kupita. Kanisa letu la Afrika Mashariki lilizaliwa likiwa na mizizi, na mtu asiye na mizizi lilimwona kama swali gumu. Ninaamini hiyo ndiyo sababu hata leo mchungaji wa kawaida akisikia "dereva wa trela" haoni muumini. Anaona mtu ambaye hatamwona Jumapili.

Na Jumapili ndiyo shida yenyewe. Madereva wengi wa njia hii wametoka Pwani, na wengi ni Waislamu. Tazama wanavyofanya: lori linaegeshwa, mkeka unatandazwa kando ya tairi, uso unaelekezwa kibla. Dini yao iliwapangia tangu zamani kwamba msafiri ana ruhusa ya kufupisha sala. Msikiti mdogo wa kando ya barabara hauulizi wewe ni wa wapi. Mkristo mwenzake, utingo au dereva, alilelewa kwamba ibada ni siku moja, jengo moja, watu wale wale. Siku hiyo ikimkuta Webuye na jengo liko Kitui, anakosa vyote viwili. Akikosa miezi sita, anaanza kuona aibu kurudi. Nimewasikia wanaume wazima wakisema, "Mimi kanisa niliwachia mama watoto."

Lakini kuna kanisa moja ambalo lilijengwa barabarani tangu mwanzo, na wengi wetu tumelipita bila kugeuza kichwa. Liko kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, barabara inaposhuka kwenda Maai Mahiu. Ni dogo sana. Watu kumi na wawili wakiingia, limejaa. Lilijengwa mwaka 1942 na mateka wa Kiitaliano waliokamatwa katika vita vya Ethiopia na Somalia, wakaletwa Kenya kuchonga barabara ile kwenye mwamba. Baada ya kazi ya kutwa walijijengea mahali pa kusali. Vita vikaisha, mateka wakaenda kwao, kanisa likabaki, na watu wakaliita kanisa la wasafiri. Leo njia ile ndiyo ya magari mazito. Trela zenye kontena mbili hushuka hapo zikinusa harufu ya breki zake zenyewe.

Nataka tarehe hiyo ikae kichwani, 1942, kwa sababu tumezoea kudhani mambo ya namna hii yalianza ng'ambo kisha yakaletwa. Huko Amerika ya Kaskazini, Jim Keys alianzisha huduma ya Transport for Christ, nchini Kanada, mwaka 1951. Baadaye huduma hiyo ilijulikana kwa kugeuza matrela kuwa makanisa na kuyaegesha kwenye vituo vya malori, kanisa katikati ya injini zinazounguruma. Ujerumani, kanisa la kwanza la kando ya barabara kuu lilijengwa Adelsried mwaka 1958. La Maai Mahiu liliyatangulia yote mawili. Tofauti ni kwamba wale walikuwa na kasisi na mpango. Sisi tulikuwa na jengo, na mlango ambao dereva hawezi kuufikia kwa sababu hakuna mtu mwenye akili anayesimamisha tani 28 katikati ya mteremko ule.

Kwa hiyo huduma yenyewe, ile ya mtu kwa mtu, ilichelewa. Ilipofika ililetwa na msiba.

Mwaka 1985 nchi za ukanda huu zilitia sahihi mkataba wa Ukanda wa Kaskazini, mjini Bujumbura, ili mizigo ya Uganda, Rwanda na Burundi ipite Mombasa kwa utaratibu mmoja. Malori yakaongezeka. Lakini mwaka mmoja kabla yake, 1984, Kenya ilikuwa imetambua mgonjwa wake wa kwanza wa Ukimwi. Mambo hayo mawili yalikua pamoja kama mapacha. Watafiti walipoanza kuchora ramani ya ugonjwa, waliichora juu ya barabara: Mombasa, Nairobi, Malaba, Lyantonde. Kampuni za usafirishaji za Mombasa zikawa mahali pa utafiti, madereva na wafanyakazi wakifuatiliwa kwa miaka. Sayansi ilikuwa na kazi yake, siibezi. Lakini mtaani matokeo yalitafsiriwa kwa sentensi moja: dereva ndiye anayeleta.

Kanisa lilifanya nini? Mara nyingi lilihubiri juu ya dereva, bila kuhubiri kwake. Alikuwa mfano wa mahubiri, yule mwana mpotevu mwenye usukani. Mwaka 1996 Kadinali Maurice Otunga aliongoza hafla jijini Nairobi ambapo kondomu na vijitabu vya kufundisha kujikinga vilichomwa moto hadharani. Rais Moi alikuja kutangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa Novemba 1999. Hesabu miaka: kutoka 1984 hadi 1999 ni 15. Katika miaka hiyo dereva alizika wenzake, akarudi barabarani, na Jumapili aliyobahatika kuipata akasikia kwamba yeye ndiye chanzo.

Walioelewa foleni mapema zaidi walikuwa watu wa afya. Mwaka 2006 shirika la North Star Alliance lilianzishwa, likitokana na Mpango wa Chakula Duniani na kampuni ya usafirishaji ya TNT. Walichukua kontena, wakaligeuza kliniki, wakaliweka pale pale malori yanapolala. Mlolongo wakaweka, Salgaa wakaweka. Na walifungua jioni, saa ambazo dereva amezima injini. Hawakumuuliza anaishi wapi, wala kwa nini hakuja wiki iliyopita. Sijui mchungaji gani alijifunza kutoka kwao na yupi alikuwa tayari anafanya hivyo. Ninachojua ni kwamba wachungaji wa barabara niliowaona wanafanya kazi kama kliniki ile: usiku, kwa muda mfupi, bila kudai urudi.

Hebu nieleze kazi hiyo kwa vitendo, maana ni rahisi kuitamka kwa maneno makubwa. Pasta hutembea yadini kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa tatu. Hapandi ngazi ya lori bila kukaribishwa. Ile kabini ni chumba cha mtu cha kulala. Hugonga mlango kwa kiganja, kisha anarudi nyuma hatua mbili ili aonekane mikono haina kitu, kwa sababu saa hizo anayegonga huwa ni mwizi wa dizeli au askari. Anaanza na utingo, ambaye hakuna anayemsalimia. Hubeba maji, dawa ya kichwa, chaja ya simu. Mahubiri yakiwepo hayazidi dakika ishirini, watu wamesimama, sufuria ya ugali iko motoni. Mara nyingi hakuna mahubiri. Kuna kusikiliza: posho ya safari imekatwa, mke hapokei simu, mtoto amefukuzwa shule kwa karo, tajiri anasema faini ya mizani itatoka kwenye mshahara.

Na kuna suala la mteremko. Madereva wengine hushuka bila gia ili kuokoa mafuta, kisha lita zilizobaki zinauzwa kwenye madebe kando ya barabara. Sote tunajua. Pasta mmoja aliniambia hilo ndilo ungamo analolisikia kuliko ya wanawake. Anamwambia dereva aache, lakini pia anajua kwamba lita hizo ndizo karo. Januari 31, 2009, tangi la petroli lilipinduka Sachangwan, watu wakakimbilia na mitungi, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Juni 30, 2023, lori lilishindwa kusimama kwenye makutano ya Londiani, likaua zaidi ya watu 50. Baada ya kila ajali kama hizo nchi nzima huomba dua kwa siku tatu. Pasta wa yadi yuko pale siku ya nne, na wanaoketi mbele yake ni watu ambao kesho watapita mahali pale pale wakiwa na mzigo ule ule.

Mimi nina sababu yangu ya kuandika haya. Mjomba wangu, kaka ya mama, aliendesha trela kwa zaidi ya miaka ishirini. Ndiye aliyekuwa akilipa karo yangu ya chuo. Usiku mmoja wa mwaka 2021, katika yadi karibu na Salgaa, alilala kwenye kabini yake na hakuamka. Utingo wake alikuwa kijana mgeni, wiki ya pili kazini, hakujua hata kwetu ni wapi. Kampuni ilipigiwa simu, ilisema itarudi. Aliyetupigia sisi alikuwa mchungaji wa pale. Alikuwa na kitabu cha mazoezi cha kurasa 96 chenye mistari aliyoichora kwa rula: jina, namba ya lori, nyumbani ni wapi, na safu ya mwisho aliyoiandika "wa kuambiwa." Kwenye safu hiyo mjomba alikuwa ameandika jina la mama yangu na namba yake.

Mama aliweka simu kwenye spika. Sauti ya mtu mzima ikasema, "Shikamoo mama. Mimi ni mchungaji, niko Salgaa. Uko na mtu hapo karibu?" Aliuliza hilo kwanza. Hakusema lingine mpaka mama alipojibu kwamba yuko nami. Alikaa na mwili mpaka polisi walipofika, akausindikiza mochari, na tulipofika sisi siku ya pili alitukabidhi simu, pochi, na shilingi 4,350 alizokuwa amezihesabu mbele ya shahidi. Mjomba hakuwahi kutuambia juu ya mtu huyo hata mara moja. Walikuwa wamekutana, kwa kumbukumbu ya kile kitabu, mara nne.

Muhula uliofuata sikurudi chuoni, maana karo ilikuwa imekwenda na mwenyewe. Tangu hapo nimekuwa nikiandika vya kuandikwa, na nikipita Salgaa huwa nashuka.

Kinachonishangaza nikipanga historia hii ni jinsi kila jambo jema kwa dereva linavyompunguzia pasta nafasi. Kuanzia 2014 nchi za Jumuiya zilianza kukamilisha ushuru wa mizigo pale Mombasa badala ya mpakani. Februari 2018 kituo cha pamoja cha mpaka kilizinduliwa rasmi Busia: dereva anashughulikiwa upande mmoja tu. Foleni za siku nyingi zikapungua. Nani atalalamika? Lakini wahudumu wa mpakani walikuwa wamezoea kuwa na mtu siku tatu. Sasa wana saa tatu. Wakajifunza kusema mambo kwa ufupi.

Kisha ikaja reli. SGR ilianza kubeba mizigo Januari 2018, na mwaka uliofuata serikali ikaagiza makontena yapande treni. Pwani waliandamana. Mariakani na Mlolongo, yadi zilizokuwa zinajaa zikaota nyasi, na wenye vibanda wakafunga. Kwa wachungaji wa huko, washirika ambao hawakuwahi kuwa na anwani wakaanza kuonekana mchana, wamekaa, hawana kazi. Agizo hilo lilikuja kuondolewa mwaka 2022 baada ya serikali kubadilika. Wengine walirudi barabarani. Wengine walikuwa wameshauza koti na buti.

Na katikati, 2020. Corona ilipoingia, Uganda ilianza kuwapima madereva mpakani, na kila siku idadi ilitangazwa, wengi wao wakiwa watu wa malori. Foleni ya Malaba ikarudi, safari hii kwa makumi ya kilomita. Vyoo hakuna, maji hakuna, wanakijiji wanaogopa hata kuwauzia ndizi. Sentensi ya miaka ya themanini ikafufuka neno kwa neno: dereva ndiye anayeleta. Mjomba alikuwa kwenye foleni hiyo. Alinipigia siku ya tano akicheka, akasema, "Mpwa wangu, mara ya kwanza walituogopa kwa sababu ya kulala na watu. Sasa wanatuogopa kwa kupumua."

Makanisa yote yalikuwa yamefungwa kwa amri wakati huo. Mchungaji wa Malaba aliyezoea foleni aliniambia kwamba kwake amri haikubadilisha mengi, kwani hakuwahi kuwa na jengo. Alivaa barakoa, akasukuma mkokoteni wa mitungi ya maji kutoka lori hadi lori, akisimama mbali kidogo na mlango, kama kawaida yake. Nchi nzima ilipojiuliza kanisa lisilo na mkusanyiko ni kanisa gani, jibu lilikuwa likitembea kando ya barabara na mkokoteni.

Sitaki kuwafanya watu hawa malaika. Wapo wanaokuja na vikapu vya sadaka kabla ya salamu, wapo wanaouza mafuta ya upako kwa mtu mwenye usingizi. Madereva huwajua haraka, na huwafungia dirisha. Wapo pia wanaobishana: mapadri wanataka sakramenti ziwe na utaratibu, wachungaji wa kipentekoste wanataka kubatiza kwenye mto wowote ulio karibu. Na hela hazipo. Askofu anayepima kazi kwa idadi ya washirika na fungu la kumi hana safu ya kumwandika mtu aliyehudumia watu 30 usiku mmoja, wote wakaondoka alfajiri.

Hapo ndipo historia hii inatufikia sisi tusio na lori. Ashley alihesabu meli zilizotia nanga. Waitaliano walijenga mahali pao pa kusali bila kujua nani atapita baadaye. Watu wa kontena la kliniki walifungua mlango usiku. Kila mara huduma ilipofanikiwa, ilianza na mtu aliyeacha kuuliza "kwa nini haji?" akauliza "anangojea wapi?" Na kila mara iliposhindwa, dereva alikuwa ameshakuwa mfano wa mahubiri ya mtu mwingine.

Mwaka jana nilimuuliza yule mchungaji wa Salgaa amejaza vitabu vingapi. Akasema kumi na moja, na vya zamani ameviweka kwenye sanduku la bati kwa sababu ya panya. Nikamuuliza kama kuna ofisi yoyote ya kanisa iliyowahi kuviomba. Akatikisa kichwa. Kisha akanipa kalamu, kwa sababu trela tatu zilikuwa zinaingia yadini kwa mpigo, na mikono yake miwili ilikuwa na mitungi ya maji.